Asali na Kuvu: Ipake Wapi, na Isifike Wapi

Leo tunazungumza juu ya kitu kilichomo katika nyumba nyingi hapa Turbo: asali. Ipo ile ya Baringo inayouzwa kwa chupa, ipo inayoletwa kutoka Pokot kwa mitungi, na ipo ya jirani aliyetundika mizinga miwili mitatu karibu na msitu. Watu wanaipenda, na mimi pia naipenda. Lakini siku za kliniki ya watoto naulizwa swali moja mara nyingi sana: "Sista, si asali inaponya fangasi? Nimpake mtoto?"

Jibu langu si ndiyo wala si la. Linategemea umri wa huyo mtoto, na ni mahali gani unataka kumpaka.

Acha nikueleze juu ya mama mmoja aliyeletwa kwangu na mama mkwe wake. Mtoto alikuwa na miezi 3. Ulimi ulikuwa mweupe, na ndani ya mashavu kulikuwa na madoa kama maziwa yaliyoganda. Mtoto anashika titi, ananyonya mara mbili, analiacha na kulia. Tulipompima alikuwa na kilo 5 na gramu 300, wakati kijitabu cha mama na mtoto kilionyesha kwamba wiki 2 nyuma alikuwa na kilo 5 na gramu 600. Mtoto wa umri huo hafai kupungua hata kidogo. Nikauliza wamemtibu na nini. Mama akanyamaza, akamtazama mama mkwe. Yule mama mzee akasema bila wasiwasi, "Nimempaka asali, asubuhi na jioni. Hata baba yake nilimpaka hivyo hivyo, na leo ni mwanamume mzima."

Sikumgombeza. Gogo yule alikuwa amemlea mtoto kwa mapenzi, na kwa kile alichofundishwa na mama yake. Nilimwambia, "Gogo, shukuru Mungu, maana huyu amekuwa na bahati." Halafu tukakaa chini nikamweleza haya ninayokueleza sasa.

Kuvu ni nini, na asali inaifanyia nini

Kuvu, au fangasi kama wengi wanavyosema, ni wa jamii moja na ule ukungu unaoota kwenye mkate uliokaa au mahindi yaliyohifadhiwa kabla ya kukauka. Kuna aina inayopenda ngozi, nywele na kucha. Hiyo ndiyo inayoleta mashilingi mwilini, mapunye kichwani, na kuwasha kati ya vidole vya miguu kwa mtu anayeshinda ndani ya gambuti tangu kukamua asubuhi hadi jioni. Kuna aina nyingine iitwayo kandida, ambayo inapenda mahali penye unyevu na joto: mdomoni mwa mtoto mchanga, chini ya nepi, kwenye chuchu za mama anayenyonyesha, na ukeni.

Je, asali ina nguvu juu ya kuvu? Ndiyo, inayo kiasi. Karibu sehemu 80 katika 100 za asali ni sukari, na maji ni kidogo sana. Kiini chochote kikiangukia humo, sukari inakinyonya maji yake. Asali pia ina ukali wa asidi ambao ulimi hausikii kwa sababu ya utamu. Tena nyuki huacha ndani yake kimeng'enya ambacho, asali ikikutana na unyevu wa kidonda, hutengeneza haidrojeni peroksaidi kidogo. Hiyo ni dawa ile ile inayotoa povu tunapoosha vidonda. Kwa hiyo wazee wetu hawakuwa wajinga walipoiweka juu ya vidonda. Hata hospitali za nje zinatumia asali kwenye vidonda na majeraha ya moto, lakini ni asali iliyopitishwa kwenye mionzi ili kuua mbegu za viini vilivyomo. Hiyo ya mionzi si hii ya chupa iliyo jikoni kwako. Weka jambo hilo akilini, tutalirudia.

Kule Dubai, mwaka 2004, daktari mmoja aitwaye Noori Al-Waili aliandika juu ya wagonjwa 37 wenye kuvu ya ngozi. Alichanganya asali, mafuta ya zeituni na nta ya nyuki kwa vipimo sawa, wakajipaka mara 3 kwa siku kwa muda usiozidi wiki 4. Zaidi ya nusu walipona. Ni habari njema, lakini tuipime sawasawa: watu 37 ni wachache, na hakukuwa na kundi lingine lililopakwa dawa ya kawaida ili tulinganishe. Kwa hiyo ninachoweza kukuambia ni kwamba asali kwenye mashilingi ya ngozi inaweza kusaidia. Siwezi kukuambia kwamba inashinda krimu ya hospitali, kwa sababu hilo halijaonyeshwa.

Mdomo wa mtoto mchanga

Sasa nirudi kwa yule mtoto wa miezi 3, maana hapa ndipo penye hatari.

Asali, hata iwe safi namna gani, hata kama umeirina mwenyewe, inaweza kubeba mbegu za kiini kiitwacho klostridiamu botulinamu. Kiini hiki kinaishi udongoni na vumbini. Nyuki anatua huku na huku, anakibeba. Mbegu zake zinalala ndani ya asali bila kuota, na mimi na wewe tukila hazitufanyi kitu, kwa sababu matumbo yetu yamekomaa na yana viini vyema vinavyozizuia. Tumbo la mtoto wa chini ya mwaka 1 bado halina ulinzi huo. Mbegu zinaota ndani ya utumbo na kutoa sumu inayolegeza misuli: misuli ya macho, ya shingo, ya kumeza, na mwishowe ile ya kupumua. Ugonjwa huu unaitwa botulizimu ya watoto wachanga. Ulitambuliwa kwa mara ya kwanza huko California, Marekani, mwaka 1976, na ushauri unaotolewa duniani kote ni mmoja: asali isiingie mdomoni mwa mtoto ambaye hajatimiza miezi 12.

Usidhani kwamba ni jambo la Wazungu. Hicho kiini kipo hapa kwetu. Mwaka 1980 madaktari waliandika katika jarida la Uingereza juu ya watu waliopata botulizimu hapa Kenya baada ya kula kumbikumbi. Wewe unayetoka upande wa Waluhya unawajua kumbikumbi vizuri. Hapo njia ilikuwa tofauti, kwa kuwa sumu ilikwisha kutengenezwa ndani ya chakula kabla hakijaliwa, lakini kiini ni kile kile cha udongo.

Kuna akina mama wananiambia, "Basi nitaichemsha." Haisaidii. Mbegu hizi hazifi kwa maji yanayochemka. Zinahitaji joto la nyuzi 121 ndani ya chombo cha mvuke wenye shinikizo, kama kile tunachotumia kuchemshia vyombo vya upasuaji. Wengine wanasema, "Ninapaka kidogo tu kwa kidole." Mbegu hazihesabiwi kwa vijiko. Na wengine wanapaka kwenye chuchu ya titi au kwenye ile nyonyo ya mpira ili mtoto atulie. Yote hayo ni kumlisha asali.

Ni kweli ugonjwa huu ni nadra. Ndiyo maana gogo anaweza kusema amelea watoto saba kwa asali na hakuzika hata mmoja, na asiwe anadanganya. Lakini hebu fikiri: utando mweupe wa mdomoni una dawa inayoutibu kwa siku chache. Kwa nini umweke mtoto katika hatari hiyo, hata kama ni ndogo, kwa ugonjwa wenye dawa ya kawaida? Tena asali haiutibu vizuri utando huo. Mate yanaisafisha dakika chache tu baada ya kupakwa, na sukari inayobaki ndiyo chakula ambacho kandida inakipenda. Mtoto wetu wa kilo 5 na gramu 300 alipakwa wiki 2, na utando ukazidi kuenea.

Utando mweupe unatibiwaje

Kwanza hakikisha ni utando wala si maziwa. Funga kitambaa safi kilicholowa maji yaliyochemshwa kwenye kidole, upanguse ulimi taratibu. Maziwa yanatoka. Kandida haitoki, na ukilazimisha inaacha pekundu panapotoa damu. Basi usilazimishe. Usikwangue kwa chumvi, usipake magadi, usitie majivu. Nimeona ulimi wa mtoto uliochubuka kwa chumvi, na mtoto huyo hakuweza kunyonya siku 2.

Mlete kliniki. Dawa ni nistatini ya matone. Kwa kawaida ni mililita 1 mara 4 kwa siku kwa siku 7, baada ya kunyonya, nusu shavu la kulia na nusu la kushoto, ili ikae mdomoni kabla ya kumezwa. Fuata kipimo atakachokuandikia mhudumu aliyemwona mtoto wako. Usiache siku ya 3 kwa sababu mdomo umekuwa safi, maana kuvu iliyobaki itaota tena. Ile dawa ya zambarau, GV, tuliitumia miaka mingi, lakini ikiwa kali inaunguza ndani ya mdomo, basi usiinunue dukani ukajipakia tu.

Halafu kuna jambo ambalo akina mama wengi hawaambiwi. Kama titi lako linawasha, chuchu inang'aa au imepasuka, na mtoto akinyonya unasikia maumivu kama sindano yanayoingia ndani ya titi, huenda na wewe unayo. Mtoto anakupa, unamrudishia, kila mmoja akimwambukiza mwenzake. Mtibiwe pamoja, siku moja. Endelea kunyonyesha. Kama anatumia chupa na nyonyo, chemsha kila siku, na ukiweza tumia kikombe, kwa kuwa kikombe ni rahisi kuosha kuliko chupa. Mama yule wa miezi 3 alikuwa na chuchu zilizopasuka na hakuwa amemwambia mtu, hata mama mkwe wake aliyelala naye nyumba moja. Tulipowatibu wote wawili, walirudi baada ya wiki 2 na mtoto alikuwa amefika kilo 5 na gramu 900. Gogo ndiye aliyembeba.

Utando ukirudi na kurudi, au ukimpata mtoto aliyekwisha kuvuka miezi ya mwanzo bila sababu kama kumaliza dawa za antibayotiki, tunauliza maswali zaidi. Usikasirike mhudumu akikuomba mpimwe virusi vya UKIMWI, wewe na mtoto. Mtoto wa mama anayeishi na virusi hupimwa akiwa na wiki 6, na akionekana anavyo huanzishiwa dawa mapema. Eneo letu la Eldoret na Turbo limekuwa na huduma hizi tangu miaka ya mwanzo ya mpango wa AMPATH, ulioanza mwaka 2001, na watoto wa wakati ule waliotibiwa mapema leo ni watu wazima. Kuficha utando kwa asali miezi mitatu ni kupoteza miezi mitatu. Na kwa mtu mzima pia, akiona utando mdomoni na akasikia maumivu anapomeza, asikae nyumbani akilamba asali.

Mashilingi: hapa asali ina nafasi

Tuje kwenye ngozi. Mashilingi, au choa, unayajua: duara lenye ukingo ulioinuka na magamba, katikati panaonekana kama pamepona, na linawasha. Mtoto wako amepita mwaka 1, ana duara moja au mawili mkononi au tumboni, ngozi haijachanika na haitoi usaha. Huyo unaweza kumpaka asali. Osha kwa sabuni na maji, kausha vizuri, paka safu nyembamba mara 3 kwa siku. Ukiwa na nta na mafuta ya zeituni, changanya kwa vipimo sawa juu ya maji ya moto, iache ipoe kabisa ndipo upake. Mchanganyiko huo haudondoki ovyo kama asali tupu. Nakuonya tu kwamba asali inaita sisimizi. Mtoto aliyepakwa asali akalala chini kwenye mkeka ataamka analia, na hatalia kwa ajili ya mashilingi.

Acha kama ngozi inavimba au kupata vipele zaidi. Mtu ambaye akiumwa na nyuki anavimba mwili mzima asiijaribu kamwe. Na baada ya wiki 2, kama duara halijapungua, njoo kliniki.

Lakini nikisema ukweli wangu kama muuguzi, mimi mwenyewe ningeanza na krimu ya klotrimazoli. Bei yake mara nyingi haizidi bei ya asali nzuri. Unapaka mara 2 kwa siku, unavuka ukingo wa duara kidogo, na unaendelea wiki 1 hadi 2 baada ya alama kutoweka. Wengi wanaacha mapema, yanarudi, halafu wanasema dawa ni bandia. Na tafadhali, usinunue krimu yoyote unayoambiwa "inamaliza kila kitu cha ngozi." Nyingi zina steroidi. Wekundu unaisha siku 2, unafurahi, kumbe kuvu inatanuka chini kwa chini.

Kuna jambo jingine la kwetu sisi tunaofuga. Angalia ndama wako. Ukiona magamba ya kijivu yenye duara karibu na macho, masikio au shingo, hayo nayo ni mashilingi, na yanamwambukiza mtoto anayempa ndama maziwa au kucheza naye. Utampaka mtoto dawa mwezi mzima na kila jioni anarudi kuambukizwa zizini. Mwite daktari wa mifugo, na mtoto aoge mikono na mabega akitoka huko.

Juu ya asali yenyewe, kuna iliyochanganywa na maji ya sukari au sukari nguru iliyoyeyushwa. Kuiwasha kwa kiberiti au kuidondosha kwenye glasi ya maji hakukuhakikishii kitu, walaghai nao wanajua vipimo hivyo. Nunua kwa mtu unayejua mizinga yake iko wapi.

Mahali ambapo asali haifiki

Mapunye ya kichwani hayaponi kwa asali, wala kwa krimu. Kuvu imeingia ndani ya unywele wenyewe hadi kwenye shina lake, na kitu unachopaka juu hakifiki huko. Mtoto anahitaji dawa ya kumeza, mara nyingi griseofulvini, kwa wiki 6 hadi 8, kwa kipimo kinacholingana na kilo zake. Mpe pamoja na maziwa au chakula chenye mafuta, itaingia mwilini vizuri zaidi. Usimnyoe kwa wembe, unachubua na kusambaza. Watoto wa nyumba moja wasitumie chanuo moja wala kofia moja, na ukimpeleka kwa kinyozi mwambie asafishe mashine kwa spiriti kabla ya kumgusa mwanao. Kichwa kikivimba, kikawa laini na kutoa usaha, usingoje siku ya kliniki.

Chini ya nepi, kandida inaonekana kama wekundu mkali na vipele vidogo pembeni, hadi ndani ya mikunjo ya mapaja. Huyo daktari wa Dubai aliujaribu mchanganyiko wake pia kwa watoto wachanga 12 wenye shida hiyo, mwaka 2005, chini ya uangalizi wa madaktari. Mimi sikushauri ufanye hivyo nyumbani. Mtoto wa miezi 5 anajishika, halafu mkono unakwenda mdomoni. Badilisha nepi mapema, mwache matako wazi apate hewa kila siku, epuka ile suruali ya nailoni inayofungia unyevu, na upate krimu ya kuua kuvu. Kitovu cha mtoto mchanga nacho kisiwekwe asali. Kinapakwa dawa ya klorheksidini unayopewa baada ya kujifungua, hakuna kingine.

Na wewe mama, ukiwashwa ukeni na kutoa uchafu mweupe mzito kama maziwa ya mgando, najua kuna wanaoshauriana kuingiza asali na maziwa lala. Huko Misri walichapisha mwaka 2012 utafiti wa akina mama wajawazito waliotumia asali na mtindi. Muwasho ulipungua vizuri, lakini waliopewa dawa ya kawaida ndio zaidi waliosafika kuvu yenyewe. Na ile ilikuwa asali iliyotayarishwa kwa ajili ya utafiti, si ya chupa ya soda. Ukiwa mjamzito usijaribu chochote kabla hujatuona. Uchafu wenye harufu mbaya, rangi ya manjano au ya kijani, si kandida, una dawa nyingine. Ikiwa yanakurudia kila mwezi tutakupima sukari pia, kwa maana kisukari hupenda kujitokeza kwa njia hiyo.

Baada ya mwaka 1 mtoto akila asali hakuna shida. Hata kijiko kidogo kwa kikohozi cha mafua kinamtuliza koo, na Shirika la Afya Duniani liliitaja asali kati ya vitulizo vya namna hiyo mwaka 2001.

"Nimeshampa. Nifanye nini?"

Swali hili huwa linakuja kwa sauti ya chini, mama akiwa wa mwisho kutoka chumbani. Kwanza, usijilaumu na usimtupie lawama mama mkwe, iwe unamwita gogo, kukhu au shosho. Watoto wengi waliopewa asali hawapati ugonjwa. Acha leo, usimpe tena hadi afikishe mwaka. Usimtapishe wala kumpa dawa ya kuharisha.

Kisha mwangalie kwa siku 30, kwa kuwa dalili zinaweza kuchelewa hivyo. Mara nyingi ya kwanza ni kufunga choo. Najua mtoto anayenyonya tu anaweza kukaa siku kadhaa bila choo na akawa mzima, kwa hiyo tazama na mengine: kilio kimekuwa dhaifu, kama cha paka, ananyonya bila nguvu au maziwa yanamtoka pembeni, kope zinashuka, uso hauna tabasamu, shingo iliyokuwa imeshika sasa inalegea, mikono na miguu inaning'inia ukimwinua. Kwa kawaida hana homa, ndiyo maana watu wanachelewa. Wanasema, "Amekuwa mpole."

Ukiona hayo usingoje asubuhi. Kama hawezi kumeza usimlazimishe titi wala maji, atapaliwa. Mbebe kichwa kikiwa kimeegemezwa, mfike hospitali ya Turbo, na wao watampeleka Eldoret, hospitali ya rufaa ya Moi, ambako kuna mashine ya kumsaidia kupumua mpaka misuli ipate nguvu tena. Inaweza kuchukua wiki nyingi, lakini akifika mapema watoto wengi wanapona. Ukifika mlangoni, sema kabla hujaulizwa: mtoto huyu alipewa asali, na siku aliyopewa ni fulani.